Vidole Kwenye Chokaa

Tetemeko la ardhi liliangusha ukuta wa mbele wa kanisa letu la zamani, karibu na Usenge, miaka michache baada ya Uhuru. Fundi mkuu akaja kutoka Kisumu, akatupa maagizo sisi wanawake wa kanisa: mawe yaliyochongwa tuyapange pembeni, yatajenga tena; chokaa iliyokuwa ikiyashikanisha ni takataka, tuitupe korongoni.

Ingekuwa kazi rahisi, kama si mama mkwe wangu. Mawe hakuyagusa. Aliokota mabonge ya chokaa, akayapuliza vumbi, akayatia kwenye karai langu.

"Nyar Awasi, peleka hii nyumbani," akaniambia. Ndivyo alivyoniita, binti wa Awasi, kwetu nilikotoka.

Nilichanganyikiwa kabisa. Ni yeye huyo huyo aliyenifundisha, nilipoolewa, kwamba kifusi cha nyumba iliyoanguka hakiingizwi katika boma la watu. Kwa kosa dogo kuliko hilo alikuwa akininunia wiki nzima. Sasa nikikataa nimemkosea mama mkwe, nikikubali nimevunja mwiko. Sikujua nishike lipi niache lipi.

"Mama, si ulisema ni mwiko?"

"Nilisema nyumba. Hii inaenda kwa kaburi."

Mumewe alikuwa mmoja wa mafundi waliojenga ukuta ule. Alikufa kabla sijaolewa, na hakuacha picha hata moja. Mawe yalitoka mlimani tu, mama akanieleza, lakini chokaa mumewe aliisukuma katikati ya mawe kwa vidole vyake mwenyewe. Nikaangalia. Kweli, mabonge yalikuwa na vifereji vya vidole. Ila mafundi walikuwa wengi, na hilo sikuthubutu kulisema.

Tulipofika nyumbani alimwita mume wangu, ambaye kila mtu alisema ana mikono ya baba yake, akamwambia aweke vidole kwenye bonge alilolipenda kuliko yote. Havikuingia. Vifereji vilikuwa vyembamba, vya mtu mwingine kabisa. Mume wangu akanitazama, nami nikatazama kuku. Nilimwonea mama huruma.

Mama akalichukua bonge lake. Kisha akaliweka kaburini hata hivyo, upande wa kichwa.

"Lakini Mama, hiyo si yake," nikasema.

"Wacha ikae. Walifanya kazi pamoja. Mzee hakuwa anapenda kukaa peke yake."