Kifaranga Niliyemtoa Mwenyewe

Masika yale kazi zilikuwa zimekatika kabisa. Mimi ni dereva wa watalii. Mvua zikishaanza kuharibu njia za mbugani wageni hupungua, magari hupaki, na sisi madereva hutawanyika makwetu kusubiri mwezi wa sita. Nilifunga chumba changu cha mjini, Kaloleni, nikapanda kwa mama, upande wa mashariki wa Mlima Meru, juu ya barabara iendayo Momela. Nilisema nakwenda kumsaidia palizi.

Palizi yenyewe sikuigusa. Siku ya pili tu baada ya kufika, simu ilitoka Moshi kwamba dada yangu amekimbizwa hospitali kujifungua. Mimi kaka mtu sikuwa nimehesabu miezi yake. Nilifurahi tu, nikasema ajifungue salama. Mama hakufurahi wala hakuhuzunika. Alijifunga kitenge, akatia unga wa ulezi kwenye kikapu, kisha akanipeleka nyuma ya jiko kunionyesha tetea wake mwekundu aliyekuwa amelalia mayai kumi ndani ya tenga kuukuu.

"Watatoka Alhamisi au Ijumaa," aliniambia. "Mwekee maji na chenga za mahindi. Usimsumbue. Kazi hii anaijua kuliko wewe."

"Sawa, mama."

"Na wakishatoka, ukiona mvua inakuja uwaingize ndani. Ni hayo mawili tu, baba."

Ananiita baba kwa sababu nimerithi jina la baba yake. Nilimsindikiza hadi barabarani, bodaboda ikamchukua, nikarudi nyumbani nikiwa na tetea mmoja wa kumwangalia. Nilijiona niko likizo.

Alhamisi jioni nilisikia vilio vyembamba chini ya mbawa zake. Asubuhi ya Ijumaa tetea akashuka mwenyewe kutoka kwenye tenga, na nyuma yake vifaranga sita, wakavu, wepesi, wanaanguka na kuinuka. Aliwapeleka moja kwa moja chini ya mibuni na kuanza kuparua. Nilicheka peke yangu pale uani kama mtu aliyepata watoto.

Halafu nikachungulia tenga. Yalibaki mayai manne. Matatu yalikuwa baridi, na nilipoyatikisa yalisikika maji maji: viza. La nne lilikuwa na tundu dogo, ukubwa wa punje ya mtama, na ndani ya tundu ncha ya mdomo ilikuwa ikienda na kurudi. Kisha likalia. Yai lililia mkononi mwangu.

Nikampigia mama.

"Mama, sita wametoka. Mmoja bado yumo ndani ya yai, na tetea ameshaondoka."

Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu na milango. "Liweke pakavu," alisema. "Likishindwa, limeshindwa."

"Nisimsaidie kutoka?"

"Hapana. Niache kwanza, baba, naitwa."

Alikata. Sikumuuliza habari za dada. Asubuhi ile alikuwa ameshanitumia ujumbe kwamba mtoto amezaliwa, wa kike, nami nikamjibu kwa kumshukuru Mungu. Kwangu mimi habari hiyo ilikuwa imekamilika.

Nililifunga yai kwenye kitambaa nikaliweka kando ya mafiga, mahali penye uvuguvugu. Kila baada ya muda mfupi nilikwenda kuliangalia. Tundu halikuongezeka. Kufika saa sita, ile ngozi nyeupe ya ndani ilikuwa imekauka na kubana kama karatasi iliyogandishwa kwa gundi, na kilio kilikuwa kile kile, hakikomi.

Niseme jambo moja kuhusu kazi yangu. Kuna siku niliwapeleka wageni kwenye maziwa ya Momela tukamkuta ndama wa nyati amezama kwenye tope hadi tumboni. Kundi lilikuwa limeshapita. Mama mmoja wa kizungu alilia, akaniomba nishuke na kamba. Nikamweleza kwa upole kwamba haturuhusiwi kuingilia, kwamba pori lina taratibu zake. Nilisema maneno hayo, nikawasha gari. Jioni nilikula nikashiba.

Sasa nilikuwa nimechuchumaa jikoni kwa mama, na sikuweza kuvumilia yai.

Nililipasua kwa kucha. Nilianzia kwenye tundu, nikabandua ganda kidogo kidogo, kisha nikaivuta ile ngozi. Damu ikatoka. Haikuwa nyingi, ni uzi mwembamba tu, lakini ilitosha kunionyesha kwamba nimefanya jambo nisilolijua. Ningeacha hapo, pengine. Nikaendelea, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza. Alipotoka alinilalia kiganjani, ameloa, shingo imelegea, na chini ya tumbo lake palining'inia kitu cha manjano kama tone kubwa la uji. Kilikuwa kiini cha yai, ambacho kilikuwa hakijaingia ndani.

Nilimpigia mama tena. Simu iliita hadi ikanyamaza.

Basi nikambeba ndani ya kofia yangu hadi kwa bibi jirani yetu, ambaye amefuga kuku tangu kabla sijazaliwa. Nilimkuta barazani anachambua mboga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umebeba nini?"

Nikamwonyesha. Alivuta kofia karibu na macho, akaangalia tumbo lile kwa muda.

"Katoka mwenyewe?"

"Nimemtoa mimi."

"Kwa nini?"

"Alikuwa analia, bibi."

"Anayelia ana nguvu," alisema. "Alikuwa hajamaliza chakula chake. Kile kiini ndicho posho ya safari. Angemaliza, angetoka." Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Aliniambia nimweke kwenye joto, nisimlishe kitu, nisimshikeshike. Kisha akarudi kwenye mboga zake.

Sikuweza kukaa bila kufanya kitu. Nilimlaza kwenye boksi la viatu, nikamzungushia chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa soksi, nikasimamisha bodaboda kwenda Usa River, kwenye duka la dawa za mifugo. Muuzaji alikuwa dada mmoja mpole mwenye miwani.

"Una vifaranga wangapi, kaka?" aliuliza.

"Mmoja."

Alidhani hajasikia. Nilipomweleza, alikuna kichwa kwa kalamu. "Dawa ya mmoja hatuna. Hii ya vitamini unachanganya kwenye ndoo, inatosha mia moja." Hata hivyo alinipa, pamoja na bomba la sindano lisilo na sindano la kudondoshea maji. "Lakini kama kiini kiko nje," aliongeza, "usiweke moyo wako sana."

Nikiwa bado dukani mvua ilishuka. Masika ya kwetu hayabishi hodi. Mabati yalipiga kelele hadi tukawa tunaongea kwa ishara. Nilisimama pale nikiwaza kama chupa ya maji imeshapoa. Nilimwaza yule wa kwenye boksi, yeye tu. Tulikuwa tumeshaanza kupanda, bodaboda inateleza kwenye tope, ndipo nikakumbuka kwamba tetea na wale sita niliwaacha nje.

Niliwakuta chini ya mibuni, pale pale walipokuwa asubuhi. Tetea alikuwa amejitandaza juu ya ardhi, mbawa wazi, kichwa chini, na maji ya mlimani yalikuwa yamefanya kijito kinachopita chini ya kifua chake. Nilipomwinua hakunidonoa, alikuwa anatetemeka. Wanne walikuwa hai. Wawili walikuwa wamelala ubavu kwenye tope, manyoya yamegandamana, wamekuwa wadogo kuliko walivyotoka kwenye mayai.

Niliwaingiza wote jikoni nikawasha moto mkubwa. Nakumbuka nilikuwa nasema kwa sauti, "Jamani, jamani," kama mtu anayewaomba radhi watu wazima. Tetea alijikung'uta, akawaita wanne wake kona ya mbali na mimi, akawafunika.

Yule wa boksi alikuwa anapumua.

Jumamosi yote nilikuwa naye. Tumbo lilianza kukauka, kiini kikasinyaa kidogo, nami nikaanza kutumaini. Nilimweka ndani ya shati, kifuani, nikapika maharage naye humo humo. Nilidondosha maji yenye vitamini kwenye ncha ya mdomo, akameza. Nilipomsimamisha, miguu ilikwenda kila mmoja upande wake, kama ya mtu aliyeteleza kwenye sakafu yenye sabuni. Niliifunga kwa uzi wa sufu, nikiacha nafasi katikati. Alianguka kifudifudi. Nikamsimamisha. Akaanguka.

Mchana nilifikiri labda anachokosa ni mama. Nikamsogeza taratibu chini ya ubawa wa tetea. Tetea aliinamisha kichwa, akamwangalia kwa jicho moja, akamdonoa kichwani mara mbili, kwa nguvu. Nilimnyakua. Vifaranga wale wanne walikuwa wanaruka juu ya mgongo wa mama yao, na kwa dakika nzima niliwachukia.

Jumapili kengele ya kanisa ililia, sikwenda. Nilimpigia mama mara tatu kuanzia asubuhi. Mara ya tatu alipokea.

"Mama, hali chakula. Nimpe nini?"

"Nani hali?"

"Kifaranga."

"Nipo kwenye gari," alisema. "Nakuja."

Alifika saa tisa, kitenge kimeloa pindo, macho mekundu ya kukosa usingizi. Nilimpokea kikapu. Unga wa ulezi ulikuwa bado umo, haukupungua hata nusu. Alikaa kwenye kigoda chake karibu na moto, akawatazama kuku wake.

"Wanne?"

"Wawili wamekufa kwa mvua. Nilikwenda dukani." Nilimwonyesha boksi. "Kwa ajili ya huyu."

Nilingoja anigombeze. Nilitaka anigombeze. Akanyoosha mkono. "Hebu nimwone."

Nikampa. Alimpindua, akaona tumbo, akaona uzi wa sufu miguuni, akaufungua kwa ukucha na kuutupa motoni. Kisha akamweka kwenye pindo la kitenge, mapajani, akamfunika kwa kiganja.

"Dada hajambo?" nikauliza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuliza tangu Ijumaa.

"Hajambo. Kidonda cha upasuaji kinamuuma." Akavuta pumzi. "Mtoto ni njiti. Miezi saba haijatimia. Wamemweka kwenye mashine ya joto, kamefungwa mipira puani. Mimi sikuruhusiwa kuingia. Nimesimama kwenye kioo siku mbili. Kakono kenyewe ni kama kidole changu hiki."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungefanya nini?"

Nikalichukua boksi tupu, nikaliweka kando.

"Leo nesi akaniambia kwa upole, mama, nenda ukapumzike, hapa huna la kufanya," alisema mama. "Ni kweli. Sikuwa na la kufanya. Nikapanda gari."

Nilikumbuka simu zangu zote. Nilimwona amesimama kwenye korido ya hospitali, simu inaita mfukoni, anapokea akidhani ni habari, kumbe ni mimi na kuku. Nilitaka kusema samahani, lakini neno lilikuwa dogo mno, nikaongeza kuni.

Mama aliomba ungo wa maharage. Alianza kuchambua kwa mkono mmoja, wa pili haukuondoka juu ya pindo. Yeye aliyeniambia likishindwa limeshindwa, sasa alikuwa anainama kila mara kupulizia pumzi yake ya moto katikati ya vidole. Nje mvua ilikuwa inaanza upya, na tetea alikuwa amelala.

Kabla ya chakula cha jioni niliona mkono wake umeacha kumfunika, umelala tu pembeni. Maharage yalikuwa yameshachambuliwa yote na alikuwa anayapitia mara ya pili.

"Amekwenda?" nikauliza.

"Tangu muda," akasema mama.

Alinyanyuka, akaenda naye gizani kwenye migomba, akarudi akinawa mikono kwa maji ya mvua. Hakusali. Alipakua chakula tukala.

Yule mtoto wa dada yangu aliishi. Alitolewa kwenye mashine baada ya wiki kadhaa, na sasa anatembea na kuvunja vyombo. Lakini jioni ile hakuna aliyejua, na mimi nisingependa mtu adhani kwamba tulijua.

Mama alipokwenda kulala nilimpigia dada. Alipokea kwa sauti ya chini, akasema yuko wodini, wenzake wamelala. Nilimuuliza kama amekula, akasema amekula uji. Nikamuuliza kama amemwona mtoto, akasema amepelekwa kwenye kiti cha magurudumu, akamgusa mguu. Nilisikia mtu akikohoa upande wake, na upande wangu mvua.

"Kuku wa mama wametotoa?" aliuliza baadaye, labda kwa kutafuta tu neno.

"Wametotoa."

"Wangapi?"

"Wanne."

"Wanne ni wengi," alisema dada yangu, na sauti ikamkatika.