Mtego wa Baba

Jumamosi iliyopita, uwanjani Harrow, huku ughaibuni, kocha wa mwanangu aliwaonyesha watoto mechi yao kwenye tableti, kila mchezaji amekuwa nukta. Akampongeza beki mmoja kwa kuwa nukta yake haikutoka mahali pake. Nilishindwa kuendelea kusikiliza.

Baba yangu alikuwa kocha wetu sisi, watoto wa Kizanzibari wa hapa hapa Harrow. Alinuka dawa ya kuchua, na alikuwa na desturi ya kututega. Mazoezini, wakati mwingine hata kwenye mechi, humwita beki: "Njoo unywe maji!" Ukienda tu, utazunguka kiwanja mara tano huku wenzako wakikuzomea. "Beki haachi nafasi yake," alisema, "hata nikimwita mimi."

Alasiri moja kwenye mechi, mimi nikiwa beki, tulikuwa tunaongoza. Nikamwona Baba amekaa chini kando ya mstari, ananiita kwa mkono.

"Njoo, mwanangu."

"Usende!" binamu yangu Suleiman alipiga kelele kutoka golini, huku akicheka. "Mzee anatega huyo! Leo hakupati!"

Sasa najua moyo wa Baba ulikuwa unasimama. Wakati ule niliona anaigiza vizuri kuliko siku zote. Akaita tena, kwa sauti ndogo. Nikamtikisia kichwa, nikacheka.

Refa ndiye aliyemkimbilia. Baba alifia palepale kwenye majani. Mimi nilikuwa hatua thelathini tu kutoka kwake, nimesimama kwenye nafasi yangu, nikingoja anisifu.