Kigingi Chenye Bati Jekundu

Nimewahi kuhamisha njia ya ndege kwa mikono yangu miwili, asubuhi moja, kabla ya chai.

Msinipongeze.

Naitwa Ustinya. Mwaka juzi nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimetoka shule ya bweni mjini Pskov kwa likizo ya vuli. Baba alikuwa meja, mkuu wa uwanja mdogo wa ndege za jeshi katikati ya msitu.

Jirani yetu, Sajini Demyan Lukich, alikuwa mtu wa lori la redio. Lori linasimama mbele ya uwanja na kurusha mlio. Rubani aliyezibwa na mawingu anaufuata huo mlio mpaka aione njia ya kutua. Lori likikaa kombo, naye anakuja kombo.

Kila zoezi, wapimaji huchomeka kigingi chenye bati jekundu. Lori husimama hapohapo. Hakuna anayepima tena.

"Kigingi ni amri," Mjomba Demyan, kama nilivyomwita tangu utotoni, alipenda kusema. "Kikiniambia nisimame juu ya mama mkwe, nasimama."

Juma lile alinichongea kwa baba: nilikuwa nimeiba makopo manne ya maziwa mazito stoo. Nikaapa kulipiza kisasi, kwa heshima zote.

Nikang'oa kigingi, nikakichomeka hatua mia mbili pembeni, katikati ya tope. Ndege zilikuwa za kesho. Azame, nicheke, nikirudishe. Basi.

Akazama kweli. Magurudumu yote.

"Hawa wapimaji walikuwa wamelewa nini?" alifoka. Kisha akacheka, akainua mlingoti, akawasha mlio.

Hakuna aliyeniambia kwamba ndege moja ingewahi.

Saa nne ikachomoza chini ya mawingu, na mbele yake hakukuwa na uwanja. Kulikuwa na misonobari. Bawa likakatika, moto ukawaka. Rubani, Kapteni Arseni, akavunjika uti wa mgongo. Hatembei mpaka leo.

Jioni wakamchukua Mjomba Demyan. Alibakiza miezi sita astaafu. Mkewe alisimama uani na sufuria ya supu ya kabichi, hajui ampelekee wapi.

Nikamkimbilia baba.

"Baba, ni mimi! Nilihamisha kigingi. Nenda kaangalie, kiko topeni!"

Alikuwa anapiga buti rangi. Hakuinua kichwa.

"Kigingi kiko mahali pake."

"Hakipo! Nakwambia mimi ndiye..."

"Kiko mahali pake, Ustya. Nimekirudisha mwenyewe, wakati nyinyi mnazima moto."

Akachukua buti la pili.

"Nilisaini kwamba nimekikagua asubuhi. Sikwenda, mvua ilikuwa inanyesha. Sasa chagua: unamtaka baba au unamtaka jirani?"

"Lakini Mjomba Demyan hana kosa!"

"Funga mlango. Baridi inaingia."

Mahakamani wakamuuliza Demyan kigingi alikikuta wapi.

"Topeni," alijibu. "Pale pale niliposimama."

Watu wakacheka. Ramani ilimkana, kigingi kikamkana. Miaka mitatu.

Mimi nilikuwa benchi la pili, sare imepigwa pasi, nimefunga mdomo kwa adabu kama tulivyofunzwa bwenini.

Wahenga wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya baba imeshafika uluteni kanali na bado inaendelea.

Kwa hiyo, mtundu mwenzangu, ukiharibu, kakiri mbele ya watu wengi. Usimkirie mtu mmoja ambaye ukimya wako unamfaa.