Swali la Wajomba

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo haijawahi kuniacha hata nikiwa na homa. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mmoja, nimesimama kando ya kaburi lililo wazi nyumbani kwetu Dadamu, na mzee mmoja kutoka Koboko alikuwa ameniuliza swali dogo. Jibu nilikuwa nalo. Nikatoa jibu lingine.

Nitasimulia polepole, maana mimi si msomi. Nilifika darasa la saba nikatoka. Lakini jambo hili nalijua vizuri kuliko waliosoma, na nimelisema mara nyingi makaburini, sasa naliandika ili wewe usiyefika makaburini ulisome.

Kwetu mtu akifa hazikwi kabla wajomba zake hawajafika. Ukoo wa mama ndio waliotoa binti, na mtoto wa binti ni damu yao. Wanakuja na pinde zao, wanasimama ukingoni mwa ua, hawaketi, hawagusi maji, mpaka waulize: mtoto wetu amekufa kwa nini? Ukoo wa baba ni lazima ujibu. Kama ni ugonjwa, utajwe, na hospitali itajwe, na siku mlizochelewa kumpeleka zitajwe. Wakiridhika wanapokea mbuzi wao, wanaweka pinde chini, wanalia pamoja nanyi. Wasiporidhika, kaburi linasubiri. Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na kwetu mfiwa wa kwanza ni mjomba.

Marehemu siku ile alikuwa Candia, mtoto wa baba yangu mdogo. Mama yake, Mama Poni, alikuwa ametoka Koboko kuolewa kwetu. Candia na mimi tulikua pamoja, tukaingia porini pamoja.

Ndiyo, niliingia porini. Miaka ile vijana wengi wa huku tuliingia, na sitakudanganya kwamba tulikuwa wendawazimu. Tulikimbilia Kongo tukiwa watoto, tukarudi tukakuta nyumba zetu zimekuwa vichaka. Umeme tuliuona kwa mbali, barabara ilikuwa mashimo matupu, na ukitaja jina lako huko kusini watu waliangaliana, maana rais aliyepinduliwa alitoka kwetu. Kwa hiyo alipokuja mtu akasema West Nile, eneo letu hili, ijitenge na Kampala, iwe na serikali yake, tulimsikiliza kama watu wenye kiu. Malalamiko yetu yalikuwa ya kweli. Hilo silikani mpaka leo.

Porini tulikuwa na serikali kamili. Waziri wa Uchukuzi alikuwa na baiskeli moja, haina breki. Waziri wa Afya alikuwa na mfuko wa vidonge vya klorokwini, dawa ya malaria. Mimi, kwa sababu ya darasa langu la saba, nilikuwa Katibu. Candia hakupewa cheo kwa sababu alicheka sana.

"Bwana Katibu," alikuwa akiniambia, "andika kwenye buku yako: Waziri ya Chakula iko na njaa."

Kiongozi wetu tulimwita Mkubwa. Siku moja mchana Mkubwa aliwatuma vijana wakachukue mtama katika ghala la mama mjane aliyeishi karibu na kambi. Candia alikuwa miongoni mwao. Akabaki amesimama.

"Mkubwa," akasema, "askari ya Kampala ikichukua chakula ya huyu mama, sisi tunasema ni mwizi. Sasa sisi tukichukua, tutaitwa nani?"

Watu wakacheka. Kicheko kile ndicho kilichomuua. Mkubwa hakucheka. Alimpiga risasi pale pale, jua likiwa utosini, sufuria ya mihogo ikiwa bado inachemka mekoni.

Niliomba nimpeleke ndugu yangu nyumbani. Mkubwa akaniangalia.

"Nyumbani utasema nini?"

"Nitasema amekufa."

"Nani amemuua?"

Akajibu mwenyewe, kwa upole, kama mwalimu anayemsaidia mtoto kusoma: "Wanajeshi wa serikali." Nikaitikia kwa kichwa.

Mwanangu, hapa nataka uwe makini. Usifikiri nilidanganya kwa woga peke yake. Woga ulikuwepo, lakini kulikuwa na kitu kibaya zaidi. Nilijiambia kwamba serikali yetu bado ni changa, ukweli huu utaivunja, na ikishakomaa tutakaa tuseme yote. Nilidhani ninalinda jambo kubwa. Wengi wanaodanganya kwa ajili ya nchi hujiona hivyo hivyo, kama watu wanaolinda.

Tulimfunga Candia juu ya baiskeli ile isiyo na breki, tukapita njia za ndani mpaka Dadamu. Kesho yake asubuhi wajomba wakafika. Mbele alikuwa Mzee Lomoro, kaka wa Mama Poni, mtu mfupi mwenye sauti ndogo. Nyuma yake alikuwa mwanawe Wani, rika langu. Walisimama ukingoni mwa ua. Shangazi mmoja wa kwetu aliwapelekea maji, Mzee Lomoro akayakataa.

"Nyinyi watu ya Dadamu," akasema, "dada yetu tulikupa nyinyi mzima. Mutoto yake alikuja kwetu mwaka jana kula simsim, alikuwa mzima. Nani amemuua?"

Wazee wetu wakanigeukia, maana ni mimi niliyemleta. Nikasema ni wanajeshi wa serikali.

"Uliona na macho yako?"

"Niliona."

Akaja mpaka kaburini, akainama, akachota udongo uliotolewa humo, akanitilia mkononi, akavikunja vidole vyangu juu yake. "Sema tena."

Nikasema tena. Udongo ulikuwa wa baridi na una mizizi ndani yake. Mzee akapokea mbuzi, akaweka upinde chini, akalia. Watu wote wakalia. Ni Wani peke yake ambaye hakulia. Alikuwa akinitazama mdomo, kama anayetaka kuyakariri maneno yangu.

Ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mfupa. Kabla mwezi haujaisha, Wani alitokea kambini kwetu na shuka lake begani.

"Nimekuja kwa sababu ya Candia," akaniambia. "Iko wapi huyo Mkubwa yenu? Mimi nataka kupigana."

Nilimpeleka mimi mwenyewe. Nilimwona akisimama wima, akimpigia saluti mtu aliyemuua binamu yake, na Mkubwa akimshika bega na kumwambia kwamba damu ya Candia haitapotea bure. Nilikuwa na buku langu mkononi. Niliandika jina lake.

Kila siku nilisema kesho nitamwambia. Akawa anapika nasi, anatutania sisi watu wa Dadamu kwamba tunakula dada zao kama mihogo, na mimi nacheka. Kisha yakatokea mapigano kwenye kijito kimoja karibu na mpaka, sisi tukakimbia, Wani hakukimbia. Maiti yake hatukuirudia. Mpaka leo hakuna kaburi lake, na mahali pasipo na kaburi wajomba hawana pa kusimama wala wa kumuuliza.

Baadaye vita vilikwisha kwa mazungumzo. Tulitoka porini, tukapewa majembe na mabati, tukarudi kulima. Mkubwa alikufa kitandani kwake miaka mingi baadaye, kwa ugonjwa wa sukari. Nikadhani mambo yamezikwa naye.

Lakini Mama Poni alikuwa hai. Kila Krismasi alinipikia mboga ya simsim, yaani ufuta, akaniletea mwenyewe, akanishukuru kwa kumrudisha mwanawe alale nyumbani. "Wengine hawakurudishiwa," alikuwa akisema, akimfikiria Wani. Nilikula chakula kile miaka kumi na minne. Sikumwambia. Kati ya makosa yangu yote, hili ndilo sina wa kumwomba msamaha wake.

Siku tuliyomzika Mama Poni, Mzee Lomoro alikuja tena, mzee sana sasa, anatembelea fimbo. Mke akifa, kaka zake ndio huuliza, naye alisimama pale pale ukingoni mwa ua akauliza dada yake amekufa kwa nini. Wazee wetu wakamweleza: presha, tulimpeleka hospitali ya Kuluva, madaktari wakajitahidi. Aliridhika. Alikuwa tayari kuketi.

Nikasimama. Nikasema kwamba lile swali la kwanza, la Candia, nililijibu kwa uongo, na nikaeleza yote kama nilivyokueleza wewe, mpaka saluti ya Wani. Watu wa ukoo wangu wakanivuta shati. "Kaa chini, wewe, utatuletea vita na watu wa Koboko."

"Muache yeye," Mzee Lomoro akasema.

Akaja mpaka kwenye kaburi la dada yake, akainama kwa shida, akachota udongo, akanitilia mkononi. Vidole hakuvikunja safari hii. Nilivikunja mwenyewe.

"Sema tena."

Nikasema tena. Alisikiliza mpaka mwisho, ameegemea fimbo yake.

"Ungesema siku ile," akasema, "mimi ningelia, ningechukua mbuzi yangu, ningerudi Koboko na mutoto yangu. Huyo Mkubwa aliua mutu mmoja. Wa pili uliua wewe, na mdomo."

Niliufumbata udongo ule.

Vijana wake walikuwa wameshika pinde. Akawaambia waziweke chini. Kisha akanipa hukumu yangu mbele ya koo zote mbili. Hakudai ng'ombe. Alisema kwamba popote koo zetu zitakapokutana kwenye msiba, kabla mtu yeyote hajahutubia, kabla ya mwanasiasa na kabla ya mchungaji, mimi nitasimama na udongo mkononi na kusema jinsi Candia alivyokufa na jinsi Wani alivyokufa. "Mpaka na wewe uzikwe," akasema. Kisha akaketi, akaomba maji.

Nimefanya hivyo tangu siku ile. Wako waheshimiwa wasiopenda kuniona nikisimama, na wako walionitumia watu wa kuniambia kwamba mambo ya zamani yaachwe. Nasimama vile vile.

Sasa nikwambie la mwaka huu. Mzee Lomoro ameshakufa. Mjukuu wake Taban, mtoto wa dada yake Wani, alikuja kwangu mwezi uliopita. Baba yake ni mtu wa ng'ambo ya mpaka, upande wa kaskazini, walikimbia vita huko, wakapewa kiwanja katika kambi ya wakimbizi ya Omugo, na hapo Taban amekulia. Ng'ambo kuna serikali mbili sasa. Kila moja inasema yenyewe ndiyo ya kweli, na kuna wa tatu anayesema eneo lao lijitenge na zote mbili. Huyo wa tatu ana mtu wake Koboko anayekusanya vijana. Taban alikuwa na begi mgongoni. Alitaka baraka, na kwa kuwa babu yake hayupo, akaja kwangu.

Alinionyesha bendera kwenye simu. Nilidhani nitakasirika, lakini ilikuwa nzuri. Nilimwambia hivyo.

"Babu, wewe hutanizuia?" akauliza.

"Siwezi kukuzuia. Una miguu mirefu kuliko yangu. Rafiki yako uliyemtaja, aliyetangulia mwaka jana, yuko wapi?"

"Wanasema alikufa."

"Alikufa vipi?"

Hakujua. Wajomba wa rafiki yake wako hapo hapo Omugo, na wao hawajui. Nikamwambia: "Nenda kwa huyo mtu wa Koboko. Mwambie aje Omugo mchana, asimame mbele ya wajomba wa rafiki yako, ashike udongo, aseme kijana wao alikufa vipi. Akifanya hivyo, rudi hapa, nitakubariki na upinde wangu nitakupa."

Aliondoka amenuna. Nilikaa siku mbili sili vizuri. Njia ya kwenda ng'ambo inapita Koboko hiyo hiyo, angeweza kuifuata moja kwa moja nisimwone tena.

Siku ya tatu alirudi. Aliweka begi chini mlangoni kwangu, akakaa juu yake.

"Amecheka," akasema. "Amesema wajomba si kazi ya serikali."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikamuuliza, kama si kazi yenu, basi mimi nikifa, mama yangu atamuuliza nani? Akaniambia nipunguze maswali."

Nilimpa mihogo akala. Jioni akaenda Omugo, kuwaeleza wajomba wa rafiki yake walau hilo moja alilolipata: kwamba yupo mtu anayejua na hataki kusema. Kama atabaki, mimi sijui. Hasira yake ina sababu, na dunia haijamtengenezea kazi wala nchi. Najua tu kwamba swali sasa ni lake, na mtu mwenye swali ni vigumu kumpanga mstarini.

Mwanangu, umesikia mara nyingi kwamba tembo wakipigana ziumiazo ni nyasi. Ni kweli, lakini mimi sikuwa nyasi. Nilikuwa mguu wa tembo, na nilikanyaga. Ndiyo sababu sikushauri kama mtu msafi.

Nashauri hivi. Watakuja watu wengi kukuambia serikali ya kweli ni ipi. Mmoja atakuonyesha katiba, mwingine bendera, mwingine makaburi ya mababu. Usibishane nao. Muulize kila mmoja kuhusu maiti moja tu, unayoijua kwa jina. Anayeweza kuwajibu wajomba mchana, hata kama jibu linamwaibisha, huyo unaweza kumsikiliza, awe anataka nchi moja au mbili. Asiyeweza, asikutawale moyo, hata kama ana jeshi. Na siku ukishikishwa udongo wewe, sema ulichokiona. Usingoje nchi ikomae kwanza. Hukomaa kwa hilo.

Jumamosi tuna msiba Kuluva na watu wa Koboko wanakuja. Nitasimama. Ukiweza, njoo usimame kando yangu, maana mkono wangu haushiki tena vizuri na udongo unamwagika.

Mungu akupe maisha marefu, mwanangu, na siku yako ikifika, wajomba zako waulize na wajibiwe kwa neno moja fupi la kweli, waombe maji, waketi.