Bani Lisilo na Moto

Nikiikumbuka asubuhi ile, mwanangu, naiona kama ya jana. Mke wangu, mama Anzelmi, aliniletea uji kwenye bani, lile banda la miti na udongo tunalokaushia tumbaku kwa moshi. Akauweka chini, akainama, akatia mkono kwenye jivu.

"Baba Anzelmi," akasema, "unalinda moto gani humu? Jivu limepoa. Tumbaku tumeshauza, mahindi yamevunwa, na wewe bado unalala bani."

Nikavuta bakuli la uji, nikaanza kukoroga.

Hapa kwetu Namtumbo, wakati wa kukausha tumbaku mwanamume hulala bani, maana moto ukizidi bani lote linateketea. Hakuna mke anayeuliza. Mimi nilikuwa na miaka hamsini na miwili, na nguvu za kiume zilikuwa zimeniondoka. Hamu nayo ilikwisha. Nilichoka kabla jua halijapanda, nikasinzia kanisani, nikafoka kwa jambo dogo. Kumwambia mke wangu niliona aibu, nikajificha nyuma ya moto. Mwaka wa kwanza nilikaa wiki chache zaidi. Wa pili, zaidi ya hapo. Wa tatu nilihamishia huko blanketi na redio. Kwa siri nilinunua unga wa mizizi kwenye kikaratasi, mtaa wa Majengo, kwa mtu aliyeapa kwamba ningerudia ujana kwa wiki moja. Nilichopata ni moyo kwenda mbio na tumbo kuuma.

Mke wangu alikaa kwenye gogo, akauliza taratibu, "Ana watoto wangapi?"

"Nani?"

"Huyo uliyenaye."

Ndipo nilipojua nimemtenda nini. Misimu mitatu alikuwa akijitazama kwenye kioo, akitafuta kosa lake. Nikamwambia ukweli wote huku nimetazama jivu. Akacheka huku machozi yanamtoka.

"Wewe mzee wewe! Mimi nimekonda kwa wivu, kumbe namwonea wivu bani?"

Wiki hiyo hiyo tukapanda basi kwenda Songea. Daktari alikuwa binti wa umri wa mtoto wetu Anzelmi. "Shikamoo baba. Unasumbuliwa na nini?" Nikasema mgongo.

"Mgongo wake mzima, daktari," mke wangu akadakia. "Leo ameinama kufunga viatu wala hakuguna. Anaona aibu tu. Niseme mimi?"

Binti yule hakucheka. Alinipima sukari na presha, akachukua damu asubuhi hiyo, kisha akanitaka nirudi asubuhi nyingine apime tena. Alinieleza kuwa homoni ya kiume hupungua kidogo kidogo kadiri mwanamume anavyozeeka, ila yangu ilikuwa imeshuka kupita kiasi. Akasema si kila mwanamume aliyechoka anahitaji dawa ya homoni. Wengine ni sukari, pombe, usingizi mbaya au mawazo. Mimi nilianzishiwa sindano za homoni hiyo, na damu ikawa inapimwa kila baada ya miezi kadhaa. Kitambi nacho nikaambiwa nikipunguze.

Sikurudi kuwa kijana, nisikudanganye. Lakini nilirudi ndani. Tuliongea hadi usingizi ututwae, na mengine yakarudi polepole. Tulipata miaka miwili. Kisha mama Anzelmi akaugua, na mvua za mwaka jana zilimkuta kaburini.

Sasa nalala upande wangu wa kitanda. Upande wake siugusi. Ninachokililia ni ile misimu mitatu. Alikuwa hatua chache kutoka bani, yuko macho, ananingoja, na mimi nimelala na redio. Leo ningetembea kwa miguu mpaka Hanga kule mbali, ili mradi nimkute macho mara moja tu.

Kwa hiyo, mwanangu, siku mwili wako utakapobadilika, usihame chumba. Mwambie mkeo mapema, kabla hajajitafutia jibu mwenyewe. Nendeni hospitali pamoja, na ukifika usiseme mgongo. Ujana unaouzwa kwenye kikaratasi usiununue. Wala usione haya mbele ya daktari mdogo kuliko mwanao. Yeye amesomea, wewe unaumwa.

Mungu akujalie uzee wa watu wawili. Na kila usiku utakaponyoosha mkono, ukute mtu.