Mahindi ya Jirani Kati ya Antena Mbili

Nilifunga antena mbili zikatazamana kuvuka shamba la jirani, nikasahau kwamba shambani hupandwa mahindi, na kwamba mahindi hukua. Mtu wa Dar es Salaam angesamehewa. Mimi nimezaliwa Kharumwa, nyumba ya wakulima, na jembe nililishika kabla ya kalamu, ingawa kwa kweli vyote viwili nilivishika kivivu.

Nianze na nilivyofika kwenye hizo antena. Mimi ni mtu wa nyumbani. Wapo ambao wakiiona barabara miguu inawawasha. Mimi nikiiona barabara napata usingizi. Nilipomaliza kidato cha nne matokeo yalikuja ya katikati, si ya kuchekea wala ya kulilia, na wenzangu wakatawanyika. Wengine walikwenda kidato cha tano, wengine kwenye mashimo ya dhahabu, na hao wa mashimo walirudi Krismasi na simu kubwa na macho mekundu kwa vumbi. Mimi nilitaka kazi inayofanywa na mtu aliyekaa kwao. Mjomba wangu, kaka yake mama, akasikia kwamba mjini Kahama kuna chuo kinafundisha mawasiliano ya data za biashara na mitandao. Akaniambia waliosomea hayo hukaa na kompyuta tu, kazi inawafuata walipo. Sikuuliza swali la pili. Haikunijia kwamba ili nije kukaa nyumbani ingebidi kwanza niondoke.

Bwenini nilipangiwa kitanda cha juu. Nikabadilishana na mwenzangu kwa mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vikavu, aliyonifungia mama, maana mimi na vitu vya juu hatupatani. Alipoonja ile michembe na karanga zake alisema yuko tayari kunipa hata godoro. Tangu hapo wakaniita Mtoto wa Mama, na kwa kuwa kila Ijumaa jioni nilikuwa nimeshafunga begi la kwenda kwetu, sikuwa na ushahidi wa kujitetea.

Masomo yenyewe niliyapenda kwa namna yangu, yaani nusu nikiwa macho. Kipindi cha mitandao kilikuwa baada ya chakula cha mchana, joto limeketi juu ya bati, na mkufunzi wetu alikuwa na sauti ya taratibu, kama maji yanayomiminwa kwenye mtungi. Alitufundisha kwamba ujumbe hauendi mzima. Hukatwa vipande, kila kipande kikabeba anwani yake, vikapita njia mbalimbali na kukutanishwa tena mwisho wa safari. Fikirieni bandari kavu ya Isaka, akasema: makontena yanashuka kwenye treni, yanapakiwa malori, hili linatangulia, lile linaharibika njiani, na huko Rwanda wenye mzigo wanayapanga upya. Nikafumba macho kidogo tu. Nikayaona malori yametoka Isaka kwa msururu, meupe, hayana mlio, na kila lori limebeba neno langu moja. La kwanza limebeba “mama”, la pili “umepika”, la tatu “nini”. Yalipita katikati ya mashamba ya mpunga kama yanayoelea, na lile la “nini” likawapita wenzake, likafika kwetu la kwanza, mama akalifungua akiwa na upawa mkononi na kujiuliza nini tena. Nilipozinduka ubao ulikuwa umefutwa.

Siku nyingine akasema vifaa viwili havipeani data kabla ya kusalimiana. Kimoja kinaita, cha pili kinaitika, cha kwanza kinajibu kwamba kimesikia, ndipo mazungumzo yaanze. Darasa zima likasema hiyo ni shikamoo na marahaba. Mwenzetu wa Ushirombo akaongeza kwamba vifaa hivyo kwa hakika si Wasukuma, kwa sababu vingekuwa bado vinaulizana habari za ng'ombe.

Ili kupata cheti, kila mmoja alitakiwa kuunganisha mtandao unaofanya kazi kwenye biashara ya kweli, na mkufunzi aje aukague huko huko. Asiyefaulu mradi alirudia mwaka. Maana yake kwangu ilikuwa mwaka mwingine mzima wa maharage ya bweni na shuka lisilonukia moshi wa kwetu. Wenzangu walitafuta biashara za maana. Mmoja alikwenda Bugarama, kwa mfanyabiashara anayepeleka vyakula kwa watu wa mgodi. Mimi nilichagua mashine ya mjomba ya kukoboa mpunga, kwa sababu za kitaalamu ambazo msingi wake ulikuwa umbali wa jiko la mama.

Mjomba alikuwa na mashine upande mmoja na duka upande wa pili, na katikati shamba la mama jirani yetu. Karani akipima gunia kwenye mashine aliandika uzito kwenye kompyuta. Mjomba aliyekaa dukani alitaka auone hapo hapo kwenye ya kwake, badala ya kuvuka jua kila mara kwenda kuuliza. Ilikuwa kiangazi. Shambani kulikuwa na mabua yaliyolala na mbuzi waliosimama, basi. Kutoka dirisha la mashine uliliona dirisha la duka, wazi, karibu, kama jicho la mtu anayekusubiri. Mafundi hupandisha antena juu ya paa. Mimi nilizifunga madirishani, moja huku na moja kule, nikamweleza mjomba kwamba hii ndiyo njia ya kisasa. Uzito wa gunia la kwanza ulipotokea dukani mjomba alicheka peke yake, akampigia simu mama aje aone. Nikarudi Kahama nikitembea kama mtu aliyegundua dhahabu.

Mvua zikanyesha. Kila niliporudi nyumbani niliukuta mtandao umepungua nguvu, na mimi nikautibu kila ugonjwa isipokuwa wake. Nilibadilisha waya. Nikailaumu ruta, kisha umeme, kisha vumbi la pumba. Mjomba akasema labda mtandao nao una malaria. Mwanzoni ulikatika asubuhi tu, majani yakiwa yamelowa umande, na jua likipanda ukarudi. Na mimi niliyefundishwa kwamba mawimbi ya antena huchoka yakipita kwenye maji nilisimama dirishani na chai yangu, nikiyatazama mahindi yalivyopendeza. Kweli yalipendeza. Yalikuwa ya kijani kibichi hadi bluu, yakipepea yote pamoja, nami niliweza kuyatazama nusu saa bila wazo lolote. Wiki ambayo mkufunzi alitoa taarifa kwamba anakuja, nilisimama pale pale nikilitafuta dirisha la duka, nikaona mbelewele za mahindi tu.

Nikaenda kwa mama jirani. Nilimkuta shambani akichuma majani ya maboga katikati ya mahindi, mwili hauonekani, khanga ya kichwani tu ikielea. Nikamsalimu kwa Kisukuma, mwadila, mayu, yaani mama, nikapiga na shikamoo juu yake kwa usalama. Akaitikia zote mbili, kisha akaniuliza habari za mama, za mjomba, za mashine, za Kahama, za chakula cha Kahama, na mimi nikamuuliza za kwake zote mpaka za kuku. Tulipomaliza nilikuwa karibu nimesahau kilichonileta. Nikamweleza kwa sauti ya mkufunzi kwamba ningeomba tu kanjia kembamba, mistari michache ya mahindi ikatwe juu, kifuani hivi, ili data zipite.

Akachuma jani jingine la boga. Nyuki walisikika kwenye mbelewele.

“Yakikatwa juu sasa hivi, yatazaa nini?” akauliza.

Nikasema hayatazaa.

“Na huo mtandao wako utakaa kwenye ghala langu?”

Nikasema hapana, mayu. Akanifungashia majani ya maboga nimpelekee mama, na hapo maombi yangu yakaisha.

Mjomba akaleta mabomba mawili ya chuma ya kusimamishia antena juu ya paa, na ngazi. Sitaeleza sana nilivyopanda. Itoshe kusema nilipanda, kwanza juu ya mashine, baadaye juu ya duka, na kwamba kuna mtu alinishikia ngazi. Ninachokumbuka vizuri ni kufumbua macho. Shamba lilikuwa chini yangu, tulivu, rangi ya maziwa na asali mahali jua lilipogusa mbelewele, na juu yake hapakuwa na kitu chochote, hewa tu hadi kwenye bati la duka. Nililiona paa la kwetu na moshi wa mama. Niliiona barabara ya Kahama ikienda mbali kama uzi, na kwa mara ya kwanza haikunipa usingizi. Kisha bati likalia chini ya goti langu, nikarudi kwenye akili yangu ya kawaida.

Mkufunzi alikuja. Karani akapima gunia, uzito ukatokea dukani. Wakapima jingine, ukatokea. Mkufunzi akazunguka, akatazama juu, akaandika. Majirani walikuwa wamekusanyika kama kwenye mnada, mama jirani mbele kabisa na ungo wake. Mkufunzi akasema mbele yao nimefaulu. Moyo wangu ulikuwa umeshafika nyumbani na kuvua viatu alipoongeza swali moja, la kujifurahisha tu: wanafunzi wengi hupenda njia ya mkato ya dirishani, mimi niliwezaje kufikiria paa tangu mwanzo?

Nikakohoa. Nikaanza kueleza kwamba mtaalamu, kabla ya yote, hupima mazingira yake kwa kina.

“Mwalimu, usimsikilize huyu. Alikuja kuniomba nikate mahindi yangu, nilipokataa ndipo akapanda kwenye bati, na kule juu alilia akimwita mama yake mpaka nikaacha ugali motoni nikaja kumshikia ngazi.”