Nambari Kumi na Nne

Jumamosi iliyopita nilienda Kenyatta Market kusukwa. Ukifika pale, rafiki yangu, wasusi wanakushika mkono wanne kwa mpigo, na moshi wa nyama choma unakuingia nywele kabla hujachagua kiti. Mimi sipendi kuvutwavutwa, nikamfuata aliyekuwa kimya. Alipotangulia kunionyesha kiti, niliona anachechemea mguu wa kushoto. Nilimjua kabla hajageuka.

Nikurudishe nyuma kidogo. Tulikuwa na miaka kumi na minne, kumi na mitano, watoto wa mtaa wa Jamhuri na mitaa ya jirani. Kila Jumamosi mwalimu mmoja mstaafu alitupeleka msituni kutufunza kutunza miti na kuongoza watu, na hakumtoza yeyote hata shilingi. "Rahisi ni ghali, sembuse ya bure," mama yangu alinung'unika, lakini alinifulia raba zangu kila Ijumaa. Tuling'oa magugu, tukajaza udongo kwenye pakiti za maziwa tulizookota jikoni kwetu, tukaotesha miche. Kucha zetu zilibaki nyeusi hadi Jumatatu. Mchana tulikula githeri, mahindi na maharagwe, chini ya turubai, na sijaonja tena githeri kama ile.

Kila Jumamosi mmoja wetu alikuwa kiongozi. Alivaa filimbi ya mwalimu shingoni, na sharti lilikuwa moja tu: kiongozi hutembea nyuma kabisa. "Wa mbele anaona njia," mwalimu alizoea kusema, "wa nyuma anaona watu." Tukivuka kijito tulisimama tukajihesabu, kila mtu akipaza nambari yake na kiongozi akiangalia nyuso.

Nambari kumi na nne alikuwa jirani yetu, msichana aliyelelewa na nyanya yake. Nyanya alimruhusu kuja kwa sababu mimi niliahidi kumwangalia. Zamu yake ya kuongoza ilikuwa wiki moja baada ya yangu, na aliisubiri muhula mzima.

Sasa sikia ujinga wangu. Siku yangu ilipofika niliona haya kutembea nyuma kama mchunga mbuzi. Nikatangulia mbele, filimbi ikirukaruka kifuani. Tukirudi turubaini, mvua ikaanza kututisha, na pale kijitoni niliita hesabu bila kugeuka. Nambari zikaja zote, hadi kumi na nne, nikaendelea na safari yangu kwa raha. Kumbe kumi na nne ilijibiwa na mvulana mmoja mtundu, kama tulivyozoea kujibiana shuleni jina likiitwa na mwenzako hayupo. Mwenyewe alikuwa amerudi kuchukua mche aliotaka kumpelekea nyanya yake.

Githeri ilipopakuliwa, bakuli moja likabaki. Mwalimu hakunigombeza. Alinivua filimbi shingoni, akaingia kwenye mvua. Alirudi amembeba mgongoni, kifundo cha mguu wa kushoto kimevunjika, mche bado mkononi.

Nyanya hakumruhusu tena. Mimi nami, nilipomwona kwa mbali akichechemea, nikaanza kupitia njia ya nyuma ili nisionane nao, na sikwenda kuomba msamaha hata siku moja. Jumamosi iliyofuata mwalimu alitundika filimbi kwenye tawi, tukafanya kazi bila kiongozi. Miaka miwili baadaye alifariki kwao Machakos, na hakuna aliyeendeleza kazi yake. Mahali petu pa miche pamezungushiwa ukuta siku hizi.

Basi nikakaa kwenye kile kiti, vidole vyake kichwani mwangu, saa nzima nikitafuta pa kuanzia. Ni yeye aliyeanza.

"Wewe si ni yule wa Jamhuri? Wa msitu?"

"Ni mimi. Nisamehe. Ile siku sikuangalia nyuma."

"Aii, hiyo ni kitambo. Mguu ilipona, ni baridi tu huisumbua." Akakaza msuko mmoja. "Kitu iliniuma ni Jumamosi yangu. Nilikuwa nimejipanga. Hata nilikuwa nimeandika kenye nitawaambia nikivaa filimbi."

"Ulikuwa utuambie nini?"

Vidole vyake vilisimama. Mbele yetu palikuwa na kioo, na tangu nikae nilikuwa nimeinamisha kichwa kama kila anayesukwa. Niliinua macho, nikamtazama pale nyuma yangu.

"Nimesahau," alisema, akachukua chanuo.

Nililia, sikujificha, naye akaniuliza kama amenivuta sana. Nikasema ndiyo. Ukuta ule unaweza kubomolewa kesho na miti ikapandwa upya. Lakini maneno ambayo msichana yule aliyaandika kwa ajili ya zamu yake, hata yeye mwenyewe hanayo tena, na aliyeyapoteza ni mimi.